Kumpeleka Mabula Kupimwa

Vijana wangu, nasikia siku hizi mchezaji wa maigizo ana meneja, ana mtu wa nywele, ana mtu wa nguo, na mwingine wa kumshikia maji. Haya. Sisi pale Shinyanga, kwenye ukumbi wa welfea, ule wa burudani za jioni, kazi zote hizo alikuwa nazo mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, Mama Bahati, mnayeniona hapa na magoti yangu mabovu. Jukwaani sikupanda hata siku moja. Lakini kila mchezaji aliyepigiwa makofi mle ndani, mjue alipita mikononi mwangu kwanza. Nasema bila haya. Umri umenipa ruhusa ya kujisifu, na wale ambao wangenibishia wengi wametangulia mbele ya haki.

Kwanza mjue neno letu. Nyinyi mnasema usaili. Sisi tulisema kupimwa, kwa sababu kijana aliyekwenda kuomba kazi mgodini alisimamishwa kwenye mzani, akaangaliwa meno, akagongwagongwa kifua, kisha akaambiwa unafaa, au rudi kwenu. Wageni wa sinema walipoanza kuja kutafuta watu wa kuingia kwenye picha zao, tukaona ni yaleyale. Mtu anakwenda kupimwa. Na akirudi, wa kumpokea ni nani? Hapo ndipo kazi yangu ilipo, na hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu.

Mimi kwetu ni Chato, Mzinza wa ziwani. Shinyanga nilifuata mume, dereva wa lori la pamba, Mungu amrehemu, alikuwa mpole kupita kiasi ndiyo maana nilibaki na ukali wote mwenyewe. Nilikuwa nauza maandazi mlangoni mwa ukumbi. Jioni moja mchezaji wa vichekesho akachanika suruali nyuma, watu wameshakaa, yeye analia kule kwenye kona. Nikachomoa sindano kwenye kitambaa changu cha kichwa nikamshona akiwa amesimama, na kumchoma nilimchoma, lakini alitoka akacheza. Mkubwa wa kundi, Mzee Faraji, Mmanyema wa Ujiji aliyewahi kuwa mpishi wa wazungu, akaja mlangoni akanitazama.

"Kesho usilete maandazi peke yake," akasema. "Lete na sindano."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Mzee Faraji ndiye aliyenifundisha. Alikuwa hasemi mara mbili. Aliniambia, "Mchezaji anayekwenda kupimwa ni mgonjwa asiye na homa. Mhudumie hivyohivyo." Asubuhi mpe uji wa uwele, mwepesi. Maharage usimpe, hata akikuomba kwa jina la mama yake. Ndugu zake wazuie mlangoni, maana kila ndugu ana ushauri, na mtu mwenye ushauri sita kichwani hakumbuki hata jina lake. Na usimwambie usiogope. Ukimwambia mtu usiogope, ndiyo kwanza anauliza, kumbe kuna la kuogopa?

Basi mimi nikaongeza la kwangu, ambalo Mzee Faraji mwenyewe alilikubali. Nilikuwa naweka akiba ya umbea. Nikisikia jambo tamu mtaani, fulani kamfumania fulani, silisemi kwa mtu, nalihifadhi kwa ajili ya siku ya kupimwa. Njiani namsimulia mchezaji nusu. Tukifika mlangoni nakata, nasema mengine ukitoka. Anaingia mle ndani akili yake imebaki kwa yule mwanamke wa kwenye umbea, hana nafasi ya kutetemeka. Mnacheka, lakini jaribuni.

Sasa niwaambie habari za Mabula, kwa sababu ndiye niliyemtunza kuliko wote na ndiye aliyenitoa jasho.

Mabula alikuwa Msukuma wa kule Songwa, mtoto wa mfugaji. Alikuja kufanya kazi mgodini, jioni anakuja ukumbini. Mrefu, mkimya, ukimwona mchana utasema huyu hajui hata kuomba chumvi. Lakini akipanda jukwaani akiigiza karani anayemkaripia mkulima, au mke anayemngoja mume mlevi, watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi. Mzee Faraji alisema amefundisha wengi, ila huyu hakumfundisha, alimpisha tu. Mimi nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Mara ya kwanza wageni wa sinema walipokuja, walitangaza wanataka mtu wa kuigiza mkulima fukara anayebishana na bwana shamba. Sisi tukasikia wazungu wanakuja. Hatukusikia zaidi ya hapo. Mtu wa kwetu akiitwa na mkubwa, anavaa. Nikaazima suti kwa mwalimu, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikawa inakata, nikampaka Mabula mafuta, nikamfunga tai. Tulipofika, tukakuta mstari mzima wa wanaume wamevaa suti na tai, viatu vinang'aa, mmoja ana saa ya mnyororo. Wakulima fukara wote hao. Yule bwana wa sinema alipita mbele yao, akarudi, akapita tena, akamuuliza mkalimani kama labda hawa wamekuja arusini. Siku ile hakuchaguliwa mtu hata mmoja. Walimchukua mzee aliyekuwa anapita na punda wake, hana habari na lolote.

Tulicheka wiki nzima. Hata Mabula alicheka, na alipocheka nikajua yuko salama. Tangu siku ile nikawa nauliza kwanza: ni nani anayetafutwa? Ndipo nafungua sanduku la nguo.

Mara ya pili ilikuwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Walitaka watu wa kuigiza wachimbaji. Kundi letu likapanda juu ya lori, barabara ya vumbi jekundu, na nyinyi mnawajua vijana wakipanda lori. Waliimba tangu tunaondoka. Na Mabula ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, wengine wanaitikia. Kila kijiji tulichopita aliongeza sauti ili wasichana wamwone. Tulipofika Geita, akafungua kinywa kunisalimu, ikatoka hewa tu. Nikamchemshia tangawizi, nikampa asali, nikamfunga kanga shingoni. Wapi. Alisimama mbele ya wageni anachezesha midomo kama samaki wa kwetu Chato akitolewa majini. Toka hapo mchezaji wangu akisafiri kupimwa anakaa mbele na dereva, na dereva namwonya mapema kwamba huyu haongeleshwi.

Kurudi kutoka Geita hakucheka. Hapo nikatumia fundisho kubwa kuliko yote aliyonipa Mzee Faraji: mtu akitoka kupimwa, usimuulize kitu. Usiseme pole, usiseme hongera, usiseme waliona nini wale vipofu. Mpe chakula, kaa karibu, fanya kazi ya mikono, shona, chambua mboga. Akitaka kusema atasema. Neno la kwanza liwe lake. Maana ukilitoa wewe, hata likiwa zuri namna gani, umeshamwambia jinsi ya kuhisi. Mabula alinyamaza mpaka tulipovuka vilima vyote vya Geita, kisha akasema, "Mama Bahati, baba atanirudisha nyumbani." Ndipo nikaijua shida yake yenyewe.

Baba yake, Mzee Sayi, hakutaka kabisa mambo ya ukumbi. Mwana wa pekee wa kiume, ng'ombe wapo, na mtoto yuko mjini anavaa gauni na kuchekesha watu. Kazi ya mgodi aliivumilia, ilikuwa na faida yake. Hili la kuchezacheza aliliona aibu. Walikuwa wamekubaliana mbele ya wazee wa ukoo: Mabula ajaribu hao watu wa sinema. Wakimtaka, baba atanyamaza. Wakimkataa mara tatu, anarudi Songwa, anaoa, anachunga, na ukumbini hakanyagi tena. Na mbili zilikuwa zimeshakwenda. Msukuma akiahidi mbele ya wazee, hiyo imekwisha, hakuna kuzungukazunguka.

Mara ya tatu ikaja mwaka uliofuata, kiangazi, na safari hii kupimwa kulifanyika Tinde, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, siku isiyo ya mnada. Picha yenyewe ilikuwa ya kuwafundisha watu habari za magonjwa ya mifugo. Mfugaji anakataa kupeleka ng'ombe wake joshoni, wanakufa, analia, anajuta. Nikauliza, nikaelewa, nikamvika Mabula shuka lake kuukuu, nikampa fimbo. Uji ameshakunywa. Umbea nimeshampa nusu. Nilikuwa na raha, maana mtoto wa mfugaji anakwenda kuigiza mfugaji, tena nini?

Tulipofika, nikamwona Mzee Sayi amesimama nje ya uzio, mkongojo mkononi, shuka la mgolole begani. Amekuja kumchukua mwanawe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kisha akarudisha macho yake uwanjani.

Wageni walikuwa wameazima dume la ng'ombe, wakaliangusha, wakalifunga miguu, likalala ubavu kama limekufa. Mkalimani akatangaza: kila mtu aje amlilie ng'ombe huyu, aonyeshe uchungu wa mfugaji aliyefiwa.

Palepale uwanja ukapoa. Wanaume wakatazamana. Wa kwanza akaitwa, mtu wa makamo, akamtazama yule dume anayepepesa masikio, akamgeukia mkalimani.

"Nimlilie ng'ombe mzima?" akasema. "Nirudi nyumbani nikute wangu wakoje?"

Akaondoka. Wa pili akaondoka. Nanyi mliokulia mjini nawaeleza: kumlilia aliye hai ni uchuro, unakiita kifo. Kwa mtu hufanyi, na kwa ng'ombe Msukuma hafanyi. Ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya mtoto, ni jina la babu. Wale wageni hawakujua, na mkalimani, mtu wa pwani, alidhani ni woga tu wa watu wa bara.

Nikamtazama Mabula. Amekuwa wa kijivu. Akaniambia polepole, "Siwezi, Mama Bahati. Baba yuko pale. Nikimlilia huyu, na kesho kwetu akafa hata ndama, nitasema nini?"

"Usipofanya unarudi Songwa," nikasema.

"Najua."

Nilisema hivyo kwa ukali. Nikafikiri haraka. Nikamuuliza, "Nyumbani kwenu hawajawahi kufa ng'ombe?"

Akanitazama kama nimemtukana. Wakati wa ile njaa kubwa, Mabula akiwa mvulana, ukame ulimaliza zizi lote la Mzee Sayi, wakabaki wawili wa kuanzia upya. Nilikuwa nimesikia habari hiyo juujuu. Ambayo sikuwa nimesikia, akanieleza palepale kwa maneno machache: baba yake alikuwa anatoka kila jioni, saa ya ng'ombe kurudi, anasimama kwenye mlango wa zizi tupu, anawaita mmoja mmoja kwa majina. Alifanya hivyo mpaka mvua iliponyesha. Kisha akaacha, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuyataja majina yale mle nyumbani.

"Basi hao wameshakufa," nikamwambia. "Kuwaita hao si uchuro. Huyu dume mwache hapo alale, mpe mgongo. Waite wale."

"Baba anasikia."

"Na asikie."

Akaitwa. Akaenda mpaka katikati ya uwanja, akampa yule dume mgongo, bwana wa sinema akaanza kupunga mkono kwamba ageuke, Mabula hakugeuka. Alisimama kama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi. Akaegemeza fimbo begani. Akaita.

Aliita kwa Kisukuma, na Kisukuma nilikuwa nimeshakijua. Nawatafsiria majina: Tumbo Jeupe. Zawadi ya Shangazi. Mtangulizi. Akiita jina moja, anasubiri, anatazama njia, kama anayesikiliza kengele shingoni mwa ng'ombe. Kisha anaita lingine. Hakupaza sauti. Hakulia. Alikuwa anaita vile mtu anavyoita jioni yoyote, na kila akisubiri na hakuna anayekuja, bega lake lilikuwa linashuka kidogo. Jina la mwisho lilikuwa Pembe Kombo. Hilo aliliita, akangoja, akaliita tena, akangoja sana. Kisha akashika mti ambao haukuwepo, akafunga nao mlango wa zizi.

Wanaume wale wote, wafugaji na wachuuzi, walikuwa wamevua kofia. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa anajifuta kwa upande wa kanga. Mimi sijui kusema vizuri nilivyohisi. Nilijivuna mpaka kifua kikauma. Nilikuwa nimewaona wengi, lakini siku ile nilijua kwamba kazi yangu ya sindano na uji ilikuwa na maana, hata kama ingekuwa ya siku hiyo tu.

Baada yake akaja karani mmoja wa mjini, mtu ambaye hana hata kuku. Akajitupa juu ya yule dume, akalia kwa sauti, machozi yakabubujika, maana alikuwa na kipande cha kitunguu kwenye leso, nilikisikia harufu. Dume likastuka, nusura limpige kwato.

Tukangoja kivulini mwa banda la mnada. Mkalimani akatoka, akamwendea Mabula.

"Bwana anasema umefanya vizuri," akasema, "lakini hukulia. Picha inataka machozi yaonekane. Wamemchukua karani."

Mabula akasema ahsante. Mimi ndiye niliyemwambia ampe dume mgongo. Nimemponza, nikasema moyoni, mtoto wa watu nimemfungia mlango kwa mkono wangu. Lakini kanuni ni kanuni. Sikusema pole. Nilitandika kanga, nikatoa maziwa mgando na viazi vya michembe, vile vya kukaushwa, nilivyochemsha, nikamwekea. Mzee Sayi akaja, akaketi upande wa pili. Nikamwekea na yeye. Nikatoa shati la mtu nikaanza kushona kifungo ambacho hakikuwa kimetoka.

Walikula. Nilitamani kusema neno kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote, nikauma uzi.

Aliyeanza ni mzee.

"Pembe Kombo umemwita mwisho," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Ndiye aliyekuwa anachelewa kurudi."

"Ndiye." Mzee akageuza kiazi mkononi. "Mtangulizi ulimsubiri kidogo tu. Angekuwa ameshafika."

"Ndiyo, baba."

Mzee Sayi akamaliza maziwa yake, akafuta midomo, akaniangalia mimi, si mwanawe. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha.

"Mayu, hao wageni wamemkataa?"

"Wamemkataa, baba," nikasema. "Mara ya tatu."

Mabula akasimama, akachukua fimbo yake na kifurushi cha nguo zake, tayari kwa safari. Neno lilikuwa neno. Mzee akanyoosha mkongojo akauweka juu ya kifurushi, akakirudisha chini.

"Walio hai nitawachunga mwenyewe," akasema. "Huyu abaki ukumbini kwenu na wale waliokufa. Kwangu hakuna mwingine anayejua kuwaita."

Kisha akainuka, akajitanda mgolole wake, akaelekea barabarani kungoja lori la Songwa.